Ekstensheni haiongezi umeme: yaliyonikuta na oveni yangu

Tangu niweke picha ya ekstensheni iliyoyeyuka, dada mmoja msomaji kaniuliza: "Nikinunua ile nene ya bei mbaya, si naweza kuchomeka oveni na birika pamoja?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Nikaona hapana, hili bado ni kidonda, acha niliseme lote.

Wengi mnaonisoma mnaoka nyumbani kama mimi, nyumba ya kupanga, jikoni soketi moja, nayo mwenye nyumba kaiweka nyuma ya mlango. Oveni yangu ni ya mtumba, mzigo wa Ulaya, wati 2,000, plagi ya pini mbili za mviringo. Soketi zetu Tanzania ni za matundu matatu, na lile la juu ndilo linalofungua vifuniko vya ndani vya matundu mawili ya chini. Basi nikawa nafanya mnachofanya na nyie (msinikatalie): mfuniko wa kalamu juu, pini mbili chini, inaingia. Inaingia lakini inachezacheza, na pini ikicheza inapiga cheche, cheche inaleta joto. Miezi saba nimeoka hivyo, najiona mjanja kuliko aliyeunda soketi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, keki ya kichen pati, ngazi tatu, hela ya awali nimeshaila. Nimeamka saa tisa usiku. Oveni kwenye ekstensheni, friji kwenye ekstensheni, na kwa kuwa macho yalikuwa yanafumba, nikachomeka na birika nipate chai. Mara ikaja harufu ya samaki. Nikamlaani jirani wa chumba cha pili na dagaa wake, nikafungua na dirisha! Kumbe plastiki ya soketi na plagi ikipata moto hunuka hivyo, kama samaki aliyelala. Nilikuja kulielewa hilo nimeshika ndoo ya maji, ekstensheni inawaka mbele yangu.

Aliyeninyang'anya ndoo ni yuleyule wa dagaa. Alikimbilia mein swichi akaishusha, kisha akamwaga mchanga wa kopo langu la maua juu ya moto. Angenichelewa kidogo ningemwagia maji kitu chenye umeme, na leo mngekuwa mnasoma habari zangu kwa mtu mwingine.

Fundi alikuja mchana. Tundu la oveni lilikuwa limegeuka rangi ya ukoko wa wali, pini imegandia ndani. Akaukwangua waya wa ekstensheni kwa wembe: juu rangi ya kopa (shaba), ndani mweupe, aluminiamu iliyovishwa kopa. Halafu nyuzi zilikuwa mbili tu. Plagi yake ina pini tatu, lakini ile ya ethi, ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, haikuunganishwa na kitu chochote, imewekwa kama pambo. Na juu pameandikwa 13A, yaani eti inabeba umeme wa ampea 13. Plastiki haikatai maandishi.

Kisha akafungua plagi ya ekstensheni, penye fyuzi, akanitazama. "Dada, hii nani kaweka?"

Nikasema sijui. Nilijua. Mwezi uliotangulia fyuzi iliungua usiku, maduka yamefungwa, nikaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ya shemeji. Asubuhi nikasahau kununua fyuzi mpya, na oveni ilikuwa inawaka, nani akumbuke? Fyuzi ilikuwa imeniambia kwamba nimezidisha mzigo, nami nikaiziba mdomo.

Sasa, dada yangu uliyeuliza. Hata ununue ekstensheni ya dhahabu, mwisho wake inaingia kwenye tundu moja la ukutani, na tundu hilo ni la ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990. Oveni yangu 2,000, birika 2,200, jumla 4,200, yaani ampea 18 na ushee kabla hujaihesabu friji. Ekstensheni inaongeza matundu, haiongezi umeme. Geuza kifaa chako, chini kuna kibandiko kimeandikwa wati. Soma! Tunasoma viungo vya keki hadi gramu, tunashindwa kusoma kibandiko?

Kila kinachotoa joto, yaani oveni, birika, pasi, jiko la umeme, kichomeke ukutani, tena peke yake. Ekstensheni iachie chaji ya simu, redio, taa. Plagi ya pini mbili ya oveni ikatwe, fundi afunge ya pini tatu: kahawia laivu, bluu nyutro, kijani chenye mstari wa njano ethi. Ukichomoa, zima swichi kwanza, shika plagi, usivute waya. Ukigusa plagi ukakuta ni ya moto, zima. Ukisikia samaki na hamjapika samaki, zima. Na pasi isiingie kwenye ekstensheni, nimeshasema, narudia, kwa sababu nawajua.

Mimi nimefungiwa soketi ya oveni peke yake, waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye sakiti breka (swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi), na mwenye nyumba alikubali baada ya kuuona ukuta wake ulivyoungua. Gharama ilinila faida ya keki nne.

Ile ya kichen pati haikufika. Nilirudisha hela yote, nikaomba radhi kwa simu, nikatuma na picha ya ukuta. Wifi wa bi harusi akaandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati kwamba mimi ni tapeli, nimeichoma ekstensheni makusudi. Watu 86 mle ndani, wateja wangu kumi na kitu. Juzi huyohuyo kaniandikia anauliza bei ya keki ya ubatizo. Tiki mbili za bluu anaziona. Bado sijamjibu.