Mwili Hauzoei Dawa: Majibu ya Barua za Kigoma

Barua za Kigoma safari hii ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: mbona dawa iliyokuwa ikitibu zamani siku hizi inatibu nusunusu? Tumechagua tano.

Neno protini litajirudia, kwa hiyo tuelewane mapema. Hatuzungumzii maharage na dagaa. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Vipo vya aina 20, na mnyororo ukishajikunja hupata umbo. Kazi ya protini imo katika umbo hilo. Jeni ndiyo maandishi yanayopanga kipande gani kifuate kipi. Herufi moja ya jeni ikibadilika, huenda kikaingia kipande kingine na umbo likapinda.

Mume wangu alimeza dawa ya malaria ya Mseto siku tatu, homa ikaisha. Siku ya 12 tukapima tena kwa kipimo cha kidole, kikasoma malaria. Jirani anasema mwili wake umeshazoea vidonge, apigwe sindano. Ni kweli? (Mama wa Ujiji)

Pole kwa kuuguza, mama. Mwili wa mumeo haujazoea chochote. Mseto haulengi mwili, unalenga kimelea, na kinachoweza kubadilika ni kimelea. Nacho hakizoei. Kila kinapogawanyika hunakili jeni zake, na mara mojamoja hukosea herufi. Makosa mengi hukidhoofisha chenyewe. Kosa likiangukia pale dawa inaposhikia, dawa itaua wenzake wote na kukibakiza hicho kimoja kizaliane kwa nafasi.

Hata hivyo kwa mumeo tusikimbilie kusema usugu. Kipimo cha haraka, hicho cha kidole, hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini iitwayo HRP2, ambayo vimelea huimwaga kwenye damu. Vimelea vikifa, protini hiyo huendelea kuzunguka wiki kadhaa, na mstari wa pili utajitokeza ilhali hakuna kimelea hai hata kimoja. Kama hana homa, hakukuwa na haja ya kumpima. Kama homa imerudi, aende kituoni siku hiyohiyo apimwe kwa darubini, maana darubini huona vimelea vyenyewe.

Kisha mkumbushane alivyomeza. Dozi ni sita: ya kwanza, ya pili saa 8 baadaye, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 kila dozi, jumla 24. Akitapika kabla ya saa moja kupita, arudie dozi hiyo. Na chakula! Lumefantrini, ambayo ni nusu ya pili ya Mseto, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Anayemeza kwa chai ya rangi hupoteza sehemu kubwa ya dawa. Kwenu Kigoma hili lisiwe tatizo: ugali kwa mgebuka ulioungwa kwa mawese unatosha, au kikombe cha maziwa, au karanga. Dawa ikiwa pungufu kwenye damu, mgonjwa huonekana kama ana malaria sugu, kumbe dawa haikufika.

Kuhusu sindano, ile ya malaria kali ni artesuneti, ndugu wa damu wa artemetha iliyomo kwenye Mseto. Anayeikimbilia kukwepa usugu anarudi kwenye ukoo uleule, na baada yake bado atapewa vidonge.

Sisi Kakonko tunapakana na Kagera. Nasikia huko vimelea vimeshindana na Mseto. Niendelee kuuuza? (Mwenye duka la dawa muhimu, Kakonko)

Endelea. Usugu uliothibitishwa Kagera ni wa sehemu, tena wa upande wa artemisinini peke yake, yaani ukoo wa dawa ambamo artemetha ya Mseto imo. Unatokana na badiliko katika protini iitwayo Kelch13: kwenye nafasi ya 561, arjinini imetoka na histidini imeingia. Wataalamu huliandika R561H, na lilikuwa limeshaonekana nchi jirani ya Rwanda.

Tuisogelee seli. Kimelea kichanga, kile ambacho kwenye darubini huonekana kama pete, huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuivuta himoglobini yake, protini inayobeba oksijeni, kidogokidogo. Kelch13 hukisaidia katika kuvuta huko. Himoglobini ikishameng'enywa hubaki himu, kitu chenye chuma, na chuma hicho ndicho kinachoiwasha artemisinini. Bila himu, dawa ni njiti ya kiberiti ambayo hujaisugua. Sasa Kelch13 ikiwa na kasoro, kimelea hula kidogo, himu inakuwa haba, na dawa haiwaki sawasawa. Artemisinini yenyewe hukaa kwenye damu saa chache tu, hivyo kimelea kinachofunga mdomo kwa muda huo kinaweza kuvuka salama. Ndiyo maana dalili ya usugu huu ni vimelea kuonekana bado kwenye darubini siku ya tatu ya tiba.

Mgonjwa hupona kwa sababu lumefantrini hubaki siku kadhaa na kuwamaliza waliosalia. Hofu iko hapo: mlinzi amebaki mmoja, na wa kumlemea ni wengi zaidi ya zamani.

Kwa upande wako wa kaunta, hakikisha mteja amepimwa kabla hujauza. Usikate dozi kwa sababu mteja ana hela ya vidonge vinane tu. Ni afadhali umpeleke kituoni kuliko kumuuzia nusu. Usiuze artemisinini isiyo na mwenzake. Na mteja aliyemaliza Mseto akirudi na homa kabla ya siku 28, usimpe pakiti nyingine ileile. Mwandikie tarehe aliyoanza dawa, mpeleke kwenye darubini.

Kliniki wananipa SP ya kukinga malaria, lakini nasikia SP ilishashindwa zamani. Pia nilinunua foliki ya miligramu 5 niongeze damu. (Mjamzito, Uvinza)

Uliyosikia ni kweli kwa upande wa tiba. Tanzania Bara iliacha klorokwini mwaka 2001 ikashika SP, na mwaka 2006 ikaiweka SP kando na kuleta Mseto. Pirimethamini iliyomo kwenye SP huziba kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi ya kikemia, ambacho kimelea hukitumia kutengenezea foleti, chakula chake cha kuundia jeni. Ndani ya kimeng'enya hicho, nafasi ya 108, hukaa kipande kidogo, serini. Akiingia asparajini mahali pake, ambaye ni mnene zaidi, anagongana na klorini iliyoko mwishoni mwa pirimethamini. Dawa inakosa pa kukaa, wakati chakula cha kimelea bado kinapita. Badiliko hilo hutangulia, kisha ya nafasi ya 51 na 59 yanaongeza nguvu ya usugu. Sulfadoksini, dawa ya pili iliyomo kwenye SP, nayo hushindwa kwa mabadiliko ya kimeng'enya kingine, nafasi ya 437 na 540. Vimelea vyenye yote matano vimejaa Afrika Mashariki.

Lakini kukinga si kutibu. Mjamzito aliyekulia eneo la malaria ana kinga yake ya mwilini, na SP huiongezea nguvu. Watoto wa akina mama waliomeza huendelea kuzaliwa na uzito mzuri zaidi. Kwa hiyo meza vidonge 3 kwa mpigo, mbele ya mhudumu, kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, ukiachanisha angalau mwezi mmoja, mara 3 au zaidi. Usimeze kama una mzio wa dawa za salfa au kama unatumia kotrimoksazoli.

Ile foliki ya miligramu 5 ndiyo inayotutia wasiwasi. SP huua kimelea kwa kukinyima foleti, na foliki ni foleti hiyohiyo ya kidonge, nawe unakipelekea sahani. Kiasi cha miligramu 0.4 kwa siku hakina tatizo, na ndicho kinachotakiwa kwa mjamzito wa kawaida. Peleka kopo lako kliniki uwaonyeshe kabla ya SP ijayo.

Kijana wetu, mvuvi wa Kibirizi, hajawahi kumeza dawa ya kifua kikuu hata siku moja. Mashine imesema ni sugu kwa rifampisini, tena majibu yametoka siku hiyohiyo. Inawezekanaje? (Mjomba wa mgonjwa)

Inawezekana kwa njia mbili, na lazima zitenganishwe.

Ya kwanza ndiyo ya kawaida: aliambukizwa bakteria ambao ni sugu tayari. Usugu ulitengenezwa kwenye kifua cha mtu mwingine, yeye akauvuta kwa pumzi. Mchukue hesabu hii. Katika bakteria wa kifua kikuu, takriban mmoja katika milioni 100 huzaliwa na badiliko linalomkinga na rifampisini, na mmoja katika milioni moja linalomkinga na isoniazidi. Tundu moja la pafu linaweza kubeba bakteria milioni 100 na zaidi. Kumbe mtu huyo anao wasioguswa na rifampisini hata kabla ya kidonge cha kwanza. Ila wa kuzikwepa dawa zote mbili kwa pamoja ni mmoja katika mamilioni ya mamilioni, na hakuna pafu la kumbeba. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza na dawa nne ndani ya kidonge kimoja. Anayemeza leo na kuruka kesho, au anayegawana na ndugu yake, anawafungulia njia waliokwisha kuwa sugu kwa moja wapate na ya pili.

Dawa hizi mbili hushindwa kwa namna tofauti kabisa. Rifampisini hung'ang'ania protini inayonakili jeni. Serini ya nafasi ya 450 ikigeuka lusini, mshiko unapotea. (Karatasi za zamani huiandika 531, kwa kufuata hesabu ya bakteria mwingine, ni badiliko lilelile.) Isoniazidi huingia mwilini ikiwa imelala, na bakteria mwenyewe ndiye huiamsha kwa kimeng'enya chake. Kimeng'enya kikibadilika nafasi ya 315, dawa inaingia na kutoka bila kuamshwa.

Njia ya pili ni mashine yenyewe kukosea. Mashine hiyo, GeneXpert, haioteshi bakteria. Ingeotesha, mngesubiri wiki kadhaa. Inasoma kipande cha herufi 81 za jeni, ambako karibu 95 katika kila 100 ya mabadiliko ya usugu wa rifampisini hutokea, na kumaliza ndani ya kama saa mbili. Vinasa, yaani vipande vidogo vya kutambua herufi, hujibandika kwenye kipande hicho. Kinasa kikikosa pa kujibandika sawasawa, mashine husema sugu. Ila kuna mabadiliko ya kimya: herufi imebadilika lakini kipande cha protini ni kilekile, na dawa inafanya kazi kama kawaida. Mashine huenda isijue tofauti. Kwa mgonjwa mpya ambaye hakuishi na mwenye kifua kikuu sugu, ni haki yenu kuuliza kama sampuli ya pili itapimwa.

Sampuli yenyewe iwe makohozi. Asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, akohoe kutoka chini kifuani, afikishe angalau mililita moja. Mate meupe yenye povu hupoteza siku ya kila mtu. Majibu yakithibitika, asianzishwe dawa za kawaida kwa kubahatisha. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wengi wa umri wake tiba ya vidonge ya miezi 6. Wanaolala naye nyumba moja, na wanaovua naye usiku mtumbwi mmoja, wapimwe pia.

Mimi na mume wangu ni AS. Mtoto wetu ana sikoseli. Wa pili atakuwa salama, maana wa kwanza ameshachukua? Na mbona alikuwa mzima mpaka miezi saba? (Mama, Kasulu)

Hakuna zamu, mama. Kila mimba inaanza upya: nafasi moja kati ya nne ya SS (mwenye ugonjwa), mbili za AS (mbebaji wa kasoro kama ninyi), moja ya AA (asiyeibeba). Mnaweza kupata wawili mfululizo wenye ugonjwa, mnaweza msipate tena.

Hapa kosa ni la herufi moja. Kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, wenye vipande 146, cha sita kilipaswa kuwa asidi ya glutamiki, kipande kinachopenda maji. Kimeingia valini, kinachoyakimbia. Himoglobini ikishaacha oksijeni yake, valini hiyo hutafuta mfuko mkavu kwenye himoglobini ya jirani na kujichomeka, na ya jirani kwa nyingine, mpaka zinakuwa fimbo ndefu zinazoivuta chembe iwe mundu. Chembe nzima huishi siku kama 120, iliyopinda 10 hadi 20.

Tumboni na miezi ya mwanzo mtoto hutumia himoglobini ya kichanga, isiyo na mnyororo wa beta kabisa. Kasoro ipo, lakini haijatumika. Kadiri himoglobini hiyo inavyopungua, ndivyo mikono na miguu inavyoanza kuvimba. Dawa iitwayo haidroksiyurea hufanya kazi kwa kuirudisha himoglobini hiyo ya kichanga: kwa kawaida huanza na miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 10 atahitaji 150 hadi 200, wakati kapsuli ya kawaida ina 500, kwa hiyo msifungue wala kugawa unga wake nyumbani, mfamasia atengeneze. Damu ipimwe kabla ya kuanza na kila baada ya muda, kwa kuwa dawa hiyo hushusha chembe nyeupe. Joto likifika 38.5, msisubiri asubuhi.