Juu ya nini michezo ya zamani ingali inatushika

Yaya, umeuliza juu ya nini batu bangali banacheza Baldur's Gate II, muchezo wa kompyuta wa 2000, na picha zake zimeshazeeka. Mi naona picha si njo kitu. Kitu ni muchezo kukumbuka chenye ulifanya! Mule ndani, benye unatembea nabo beko na mawazo yabo, ukikuwa mutu mubaya sana bale bazuri banakuacha njiani, na ukiweka Keldorn, askari mwema wa dini, na Viconia, mwanamuke wa upande wa ubaya, kundi moja banaweza kupigana mpaka mumoja anakufa, sasa weye unabaki unajiuliza ungesaidia nani. Mi hapa Birere usingizi uliniruka ile usiku.

Ultima IV ya 1985 nayo haina hata adui mukubwa wa mwisho, kazi ni kukuwa mutu mwema katika fadhila 8. Kuna muchuuzi kipofu wa majani ya uchawi, weye mwenyewe njo unahesabu feza za kumulipa, unaweza kumupunja na hakuna mwenye anakusemesha, lakini muchezo umeshaiweka kwenye hesabu yako. Hapo njo nilielewa muchezo unaweza kukukumbuka.

Planescape: Torment ya 1999, vita yake ni ya kawaida tu. Lakini maneno! Mutu mwenye hafi anaamka kwenye nyumba ya maiti amesahau kila kitu, na mwisho unaweza kuumaliza kwa kuongea.

Anzia na hiyo, mashini ya zamani inaiweza. Ila uhifadhi muchezo kila mara, juu umeme ukikatika unarudia mbali.