Nilimsahihisha akimsimulia marehemu baba yake

Swali la wiki hii linauliza: "Nani alikufundisha unyenyekevu, na ilibidi umwombe nani msamaha?" Mimi nilifundishwa na watu wawili: mama mmoja mjane wa Tandika, Dar es Salaam, na kijana wa Madagaska ambaye Kiswahili kilikuwa kikimpiga chenga.

Nilikuwa na miaka 20, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, sisi ambao wengi mnatuita Wamormoni. Bila shaka mmewahi kutuona: shati jeupe, tai, kijibao cheusi cha jina kifuani, wawili wawili. Wavulana hutumikia miaka 2, wasichana miezi 18, bila mshahara. Mahali pa kwenda huchagui, na mwenza wako pia huchagui. Mnapangiwa, mnaishi pamoja, mnaamka saa 12:30 asubuhi na kushinda pamoja mpaka usiku. Na kila kijana kati yetu huitwa Mzee. Hebu fikirieni kuingia Tandika, ambako mzee ni babu wa mtu, ndevu hazijakuota, ukajitambulisha kuwa Mzee fulani. Cheo hicho kilipaswa kunitia woga. Badala yake kilinivimbisha kichwa.

Kilichonivimbisha zaidi ni Kiswahili. Nimekulia Nakuru, na kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, nilipata A ya Kiswahili. Mwenza wangu alikuwa na miezi michache tu ya lugha hii, na ngeli zote kwake zilikuwa moja. Akianza sentensi, naimalizia. Akiuliza swali, nalirudia "vizuri". Nilijiambia namsaidia. Jioni tukijaza idadi ya masomo tuliyofundisha, moyoni nilikuwa nayahesabu yote kuwa yangu.

Siku hiyo tulikuwa barazani kwa yule mama, tumeketi mkekani, yeye akichambua mchele kwenye ungo. Somo lilikuwa toba. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mazungumzo yakafika huko. Mwenza wangu, ambaye kwa kawaida aliniachia uwanja, akasogea mbele na kusema taratibu: "Mama, mimi pia. Baba yangu ilikufa. Mimi nilikuwa bado mdogo..." Machozi yalikuwa yameshamlengalenga.

"Alikufa," nikamwambia. "Si ilikufa. Baba ni mtu."

Akanyamaza. Akainama, akawa anapangusa goti la suruali yake, mahali ambapo hapakuwa na vumbi wala doa.

Mama akaweka ungo chini. "Mwanangu," akaniambia bila kupandisha sauti, "tulikuwa tumemwelewa. Na kwetu hapa, baba wa mwenzio hafi. Anafariki." Akachukua ungo wake tena. "Ulipoingia uliniambia nipe maji. Nilikupa, sikusema kitu."

Wakenya wenzangu mtanielewa. Kwetu "nipe maji" haina ubaya wowote. Dar mtu husema "naomba maji", hata akiwa kwake, hata kwa mtoto. Nilikuwa nimekaa pale miezi minne nikisahihisha Kiswahili cha mwenzangu, na masikio yangu hayakuwa yamenasa jambo ambalo kila mtu mtaani alikuwa akinifundisha bure. Kitabu cha Mormoni, mojawapo ya maandiko yetu matakatifu, kinasimulia maskini waliofukuzwa kutoka masinagogi waliyoyajenga kwa mikono yao, na nabii Alma akawaambia kwamba amebarikiwa zaidi anayejinyenyekeza bila kulazimishwa. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo mara nyingi. Mimi nililazimishwa.

Usiku ule nilipiga magoti, nikamwomba Mungu anisamehe, nikalala usingizi mzuri. Hapo ndipo naona tunakosea wengi, hasa sisi tuliozoea kusali: tunamkimbilia Mungu upesi ili tusilazimike kumwendea mtu. Mafundisho na Maagano, andiko letu jingine, sehemu ya 58, inasema aliyetubu utamjua kwa mambo mawili, ataungama dhambi zake na ataziacha. Maneno hayo nilikuwa nimeyakariri. Na niliyemkosea alikuwa kwenye kitanda cha pili, karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono.

Jumapili tuliombwa tubariki sakramenti, mkate na maji. Sala zake zimeandikwa, na hazibadilishwi hata neno moja. Anayekosea huanza upya. Mwenza wangu akapiga magoti, kadi mkononi. Akakosea. Akaanza upya, akakosea palepale. Mimi sala ile naijua bila kadi, na ulimi uliniwasha. Lakini kanisani hakuna aliyekohoa wala kugeuka. Wazee, wazee wa kweli, akina mama, watoto wadogo, wote walikuwa wameinamisha vichwa wakimsubiri. Mara ya tatu akaimaliza, wakaitikia amina kama vile amesoma mara moja tu. Watu wale wote walimpa kwa hiari nafasi niliyomnyima mimi kwa sentensi moja. Mkate ulipotufikia sisi tuliokuwa mezani, sikula.

Alasiri nikamwambia. Sikusema "kama nimekukosea". Nilisema: "Nilikuaibisha ulipokuwa ukimtaja baba yako. Naomba unisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Aibu ilikuwa pale kwa mama. Twende pale."

Sikutaka. Kuomba radhi chumbani, mlango umefungwa, nilikuwa nimeshakuweza. Kurudi barazani ni jambo jingine, na nilianza kutaja ratiba yetu. Akanitazama tu. Jumanne tulikwenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Nikayasema niliyokuja kuyasema, mwenza wangu akiwa ubavuni na mtoto wa jirani akisikiliza kwenye kizingiti. Sauti ilinikwama mara moja. Mama hakunihubiria. Aliingia ndani, akaniletea maji kabla sijaomba. (Yeye hakubatizwa kwetu, aliendelea na kanisa lake la Kilutheri, na mlango wake haukufungwa kwetu hata siku moja.)

Kisha akamgeukia mwenza wangu. "Haya, baba, tuambie habari za mzee wako."

Akasimulia karibu nusu saa: shamba la mpunga, baiskeli isiyo na breki, kofia ya ukili ambayo mama yake bado ameitundika mlangoni. "Ilikufa" ikatokea tena mara mbili. Mara zote mbili mama aliitikia, "Pole, mwanangu," na mimi nikaendelea kushika bilauri yangu kwa mikono miwili.