Barua kwa Furaha: la 1979 au la 1985?

Mwanangu Furaha,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Umeona Corvette mbili, yale magari ya michezo, huko Louisville, moja ya 1979, nyingine ya 1985, bei zinakaribiana, unauliza ununue ipi. Nitakujibu. Ila kwanza: umelala chini ya lipi? Gari linanunuliwa ukiwa chali, nimewaambia tangu mko wadogo.

Bodi za yote mawili ni faiba, haziliwi na kutu. Kutu hukaa kwenye fremu ya chuma, ambako muuzaji hakupeleki. Unakumbuka Februari 2014, ardhi ilivyodidimia ndani ya makumbusho ya Corvette hapa kwetu Bowling Green, Corvette 8 zikaenda na shimo? Juu sakafu ilikuwa inang'aa.

Aina hiyo ya 1979 naijua sana. Taa zake huinuka kwa upepo unaonyonywa na injini, unaopita kwenye vijipira vyembamba huko mbele. Mwaka wetu wa kwanza hapa Marekani, pale gereji nilipokuwa nafagia, mzee mmoja alileta la namna hiyo, jicho moja linaamka, jingine limelala. Bosi akasema vipuri vyote vibadilishwe. Mimi nilikuwa nasikia linapumua, fsss, nyuma ya taa ya kushoto. Kiingereza changu kilikuwa maneno kumi. Nikaonyesha kidole, nikaambiwa nishike fagio. Walipokwenda kula nikakata mpira uliopasuka, nikaunga. Taa zikaamka zote mbili. Mzee alivyofurahi! Bosi akapokea shukrani, na pesa ya vipuri ambavyo havikufungwa. Mama yako anasema nimeshaisimulia mara mia. Hii basi ni ya mia na moja.

La 1985 taa zake ni za mota ya umeme. Halina kabureta, nguvu zake ni farasi 230, na hilo jingine kwa injini ya kawaida ni 195. Tena ni mzaliwa wa hapa kwetu. La 1979 ni la St. Louis, kabla kiwanda hakijahamia huku 1981. Lakini ile dashibodi ya namba za kuwaka ikizima, huiungi kwa kipande cha mpira. Ingawa nani kasema wewe uunge? Wewe ni nesi wa zamu za usiku, unataka taa zinazoamka. Kwa hiyo ni la... hapana. Na yale mabega ya la 1979, mama, ukilitazama kwa nyuma...

Sisemi. Pesa ni zako. Jumamosi usitoe hata senti kabla sijafika. Nakuja na tochi na boksi la kulalia. Lile la friji nimeshalikunjua.

Baba yako