Taima ya kerneli ndani ya Rust: moduli inaua mashine ukipiga rmmod

Mkuu, umesema hrtimer yako (taima ya kerneli yenye usahihi wa juu) ya kusoma kihisi kila milisekunde 10 inakwenda vizuri, ila ukipiga rmmod, amri ya kutoa moduli, mashine inakufa, tena si kila mara. Kwenye `Drop` yako, yaani kodi inayokimbia kitu kinapotupwa, umeita `hrtimer_try_to_cancel` kujaribu kuzima taima. Fanksheni hiyo haisubiri mtu. Ikirudisha 1, taima ilikuwa foleni na imetolewa. 0, haikuwa foleni. -1, kazi ya taima (fanksheni inayoitwa taima ikilia) inaendelea sekunde hiyohiyo kwenye CPU nyingine. Hiyo -1 umeipuuza, memori ikaachiwa huku CPU ya pili bado inaiandikia. Weka `hrtimer_cancel`, yenyewe inasubiri kazi iishe.

Kama una kerneli 6.15 kwenda juu, achana kabisa na ganda la Rust uliloandika mwenyewe juu ya taima ya C, maana `kernel::time::hrtimer` ya kerneli yenyewe ipo. Ukiita `start` unapewa mpini (handle), kitu cha kushikia taima, na mpini ukidondoka, yaani ukitupwa na `Drop` yake kuitwa, taima inasimamishwa kwa kusubiri. Uga wa taima unakaa kwenye strakti yenye `#[pin_data]`, alama ya kwamba haihamishwi kwenye memori, kwa sababu `struct hrtimer` inachomekwa yenyewe kwenye mti wa taima wa CPU, na jirani zake kwenye mti wanashika anwani yake. Rust huhamisha kitu kwa kunakili baiti tu. Hamisha taima iliyowashwa, na mti utabaki unaelekeza kwenye kiwanja kitupu.

Tumia `Arc`, kielekezi kinachohesabu wanaotumia data na kuiachia wakiisha wote, kama huna sababu nzito ya kufanya vingine. Sababu ni `mem::forget`, inayosahau kitu bila kuita `Drop`: Rust inaihesabu kuwa salama, kwa hiyo huwezi kujenga usalama juu ya ahadi kwamba `Drop` itaitwa. Kwa `Arc`, mpini uliosahaulika unavujisha memori tu na data inabaki hai. Kwa `Pin<&T>` (rejea ya data isiyohamishwa) iliyo kwenye staki, memori ya muda ya fanksheni, fanksheni ikirudi data imekwenda na taima bado inaishi, ndiyo maana kuwasha kwa njia hiyo ni `unsafe`, yaani usalama wake ni jukumu lako. Ukitaka staki, chukua `start_scoped`: inazima taima kabla hujatoka kwenye kizuizi. (Hata kwa `Arc`, usisahau mpini ndani ya moduli. Moduli ikitolewa, kodi ya fanksheni inaondoka nayo, na taima itaita anwani isiyo na kitu.) Vilevile usiuweke mpini ndani ya strakti ileile inayobeba taima. `Arc` itajishika yenyewe na haitadondoka milele.

Sasa yale ambayo kompaila haitakuambia. Ukidondosha mpini ndani ya fanksheni ya taima, inajisubiri yenyewe na CPU imekwama. Ukiudondosha huku umeshika kufuli ambalo fanksheni inalihitaji, ni yaleyale: uchomoe mpini kwanza kwa `Option::take`, inayoacha nafasi yake tupu, achia kufuli, ndipo uudondoshe. Na `SpinLock` ya kawaida, kufuli la kungoja kwa kuzunguka, haizimi intarapti (ishara zinazoikatiza CPU). Thredi ikiwa imeishika na taima ikalia kwenye CPU hiyohiyo, fanksheni itazunguka ikingoja kufuli ambalo mwenye nalo hawezi kuliachia. Kwa kaunta na bendera, atomiki (namba zinazobadilishwa kwa hatua moja bila kufuli) zinatosha.

Umesema kihisi kiko kwenye I2C, waya za kuunganisha vifaa vidogo. Hapo una kosa la pili ambalo halijakuuma bado. Kwa kawaida fanksheni ya hrtimer inakimbia ndani ya intarapti, na usafirishaji wa I2C unalala, yaani unasimama ukingoja. Hairuhusiwi, sawa na kufuli la `Mutex` na kuomba memori kwa `GFP_KERNEL`, ambavyo navyo vinaweza kulala. Taima irushe kazi kwenye workqueue, foleni ya kerneli ya kazi zinazoruhusiwa kulala, usomaji ufanyike huko. Wakati wa kufunga, zima taima kwanza, ndipo usubiri workqueue iishe, ndipo ukate umeme wa kihisi. Ukigeuza mpangilio, taima itarusha kazi mpya baada ya wewe kudhani umemaliza. Kumbuka pia Rust hudondosha nyuga kwa mfuatano ulioziandika, kwa hiyo kwenye strakti ya draiva mpini uwe juu, umeme chini.

Jambo la mwisho: ukirudisha `HrTimerRestart::Restart` (taima ilie tena) bila kusogeza muda mbele, muda wa zamani umeshapita, taima inalia tena papo hapo na CPU inatekwa. Sogeza kwa `forward`, fanksheni ya kusogeza muda wa kulia, ukiwa ndani ya fanksheni yenyewe. Kama toleo lako halina forward upande wa Rust, rudisha `NoRestart` na uiwashe upya kutoka workqueue (hapo weka bendera ya kufunga kabla ya kuzima, ili kazi isiiwashe tena). Vipindi vitayumba kidogo, lakini kwa kihisi cha milisekunde 10 hutaona tofauti ya maana.