Kabla hujatundika mzinga, uliza msitu ni wa nani

Kila msimu wa asali ukikaribia, napokea ujumbe wa vijana walioambiwa kwamba nyuki ni hela isiyo na jasho: tundika mizinga, nenda kalale, rudi uhesabu ndoo. Mimi nafuga nyuki Sikonge, mkoani Tabora, na bati za nyumba yangu zimetokana na asali, kwa hiyo simkatishi mtu tamaa. Ila jibu langu la kwanza huwa ni swali, na wengine hukasirika: huo msitu unaotaka kuingia ni wa nani?

Huku kwetu tumbaku ndiyo inayosifiwa kwenye hotuba, lakini ingia ndani ya nyumba yoyote uone. Kuni ziko jikoni, uyoga unaanikwa masika, mbula na furu zinaokotwa njaa ikibana, mizizi ya dawa imefungwa kwenye kitambaa, na uvunguni mwa kitanda kuna ndoo ya asali iliyofungwa vizuri, inasubiri mtoto aitwe shule. Hiyo ndoo ndiyo akiba. Mama wa nyumba anajua kabisa ni ya sare, ya daftari au ya hospitali, na ole wako uiguse kwa ajili ya chai.

Sasa, Waswahili walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema nyuki wenyewe wakiingia hifadhini ufanyeje. Msitu unaouona kwa macho kama pori moja, kwenye karatasi unaweza kuwa wa kijiji, wa serikali chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), pori la akiba, au hifadhi ya taifa, na kila mmoja una mlango wake. Chukua Ugalla. Ilipokuwa pori la akiba, warina asali waliingia kwa kibali msimu wa kiangazi, wakapiga kambi, wakatoka na mzigo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na katika hifadhi ya taifa hakuna kurina asali. Miti ni ile ile, nyuki ni wale wale, ila mti ambao babu alitundika mzinga hauna tena nafasi kwa mjukuu. Tembo na simba wanahitaji pa kukaa, sibishi. Ninachosema ni kwamba riziki ya familia inaweza kukatika kwa kubadilika jina la pori, bila mti hata mmoja kukatwa, na anayeanza leo ni lazima alijue hilo kabla hajanunua hata waya.

Ndiyo maana namshauri kila mtu aanze na msitu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kikautungia sheria ndogo na kusimamia mapato yake chenyewe. Wenzetu wa Kikole na Kisangi, Kilwa, walifika mbali hadi misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachotolewa kwa misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009, na mpingo wao ukawa na soko la kueleweka. Hapa Sikonge tunayo Ipole, ambako vijiji vilitenga ardhi kwa ajili ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, yaani WMA.

Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji, omba kuuona mpango wa matumizi bora ya ardhi, kisha ongea na kamati ya maliasili. Mwenyekiti akikuambia "weka tu, mwanangu, hakuna neno", mshukuru sana, halafu omba karatasi. Uenyekiti hubadilika kila uchaguzi. Pita pia kwa afisa nyuki wa wilaya. Wengi wao ni watu wa kusaidia, na hawapati wageni wengi.

Mizinga yenyewe sitaiongelea sana. Ile ya magome ni rahisi na nyuki wanaipenda, lakini mti ukibanduliwa gome mzunguko mzima, umekufa. Wazee wangu hawapendi nikisema hivyo. Ukichonga ya mbao ya kisasa, simama na fundi apime zile mbao nyembamba za juu zinazoshika machana, yaani masega: upana milimita 32 kwa nyuki wetu wa Afrika. Akizidisha au akipunguza ovyo, nyuki wataunganisha machana, na siku ya kuvuna utavunja kila kitu. Tundika kwa waya, mbali na shina, maana nyegere, yule mnyama mla asali, hana huruma.

Halafu kuna wale wanaokuja na gari zuri wakikuuzia mizinga kwa bei ya kutisha, na ahadi kwamba watanunua asali yote. Walipita kwetu. Mizinga ikabaki, simu zao zikazimwa. Anayekuahidi mavuno ya kila mzinga hajawahi kuona mizinga mitupu. Nyuki wetu wanahama; ukame ukizidi au ukiwasumbua, wanaondoka bila kuaga.

Bei yako utaipata kwenye ubora. Usivune machana ambayo hayajazibwa nta. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha, na mnunuzi mwenye kipimo kidogo cha mkononi atakubaini pale pale. Moshi uwe wa kiasi, usiwe wa kukaushia samaki. Ndoo iwe ya chakula. Ile iliyobeba rangi ya nyumba, hata uioshe vipi, asali itakusema.

Shamba la mahindi usiliache, angalau misimu ya mwanzo. Na nta usiitupe. Kwetu watu wengi walikuwa wakikamua asali ya kutengenezea pombe, kisha machana yanamwagwa nyuma ya nyumba. Yachemshe kwa maji, chuja kwa gunia safi, acha igande. Nta haichachi wala haiozi, unaweza kuiweka hadi bei ipande, na kipande kidogo ukikipaka ndani ya mzinga mpya kinawavuta nyuki wa msimu ujao.