Uliza Mwalimu: Nani aliamua kabila lipi libebe bunduki na lipi libebe mzigo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Baba wa babu yangu alikamatwa na Waingereza akapagaze mizigo ya vita, akaenda na njia ya Iringa, hakurudi. Kazini nina rafiki ambaye ukoo wake ni wa Kimanyema. Husema wazee wao walipewa bunduki kwa kuwa ni kabila la vita, nasi tulipewa mzigo kwa kuwa ndicho tulichofaa. Kuna ukweli hapo? *Msomaji, Mpwapwa*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna. Nimefundisha miaka mingi historia ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ya 1914 hadi 1918, ambayo Waingereza na Wajerumani walipigana hata hapa kwetu, na dhana hii ya "kabila la vita" huniudhi kuliko zote, maana ilitungwa na maofisa kwa haja zao na sisi tumeirithi kama mali ya ukoo.

Tazama walivyochagua. Mwaka 1889 Wissmann, ofisa wa Kijerumani, alipokuja kuzima upinzani wa pwani aliokuwa akiuongoza Abushiri, hakutegemea watu wa hapa. Alileta Wasudani kutoka Misri na vijana wa Kishangaa kutoka Msumbiji, kwa sababu mtu asiye na shangazi wala shamba katika nchi hii hasiti kumpiga mwenyeji. Baadaye fedha zikawa chache, ndipo Wajerumani wakaingiza Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma. Wahehe je? Agosti 1891 pale Lugalo, karibu na Iringa, walikisambaratisha kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Walipokwisha kushindwa, wakaanza kusifiwa kuwa askari wa kuzaliwa. Waingereza walifanya hivyo hivyo kwa Wanandi: waliwapiga mpaka 1905 walipomuua kiongozi wao Koitalel, kisha wakawaandikisha katika KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Sifa ya ukabila wa vita ilifuata hofu ya ofisi, na ilitolewa baada ya mtu kunyang'anywa ng'ombe wake.

Na sifa hiyo ilipanuka kila haja ilipopanuka. Vita ilipoanza, KAR ilikuwa na batalioni 3 tu. Walowezi na maofisa wengi waliogopa kumpa Mwafrika bunduki na kumfundisha kumlenga Mzungu. Mwaka 1916 Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, akaja na maelfu ya askari weupe wa Afrika Kusini. Malaria na kuhara viliwaangusha hata ikabidi wengi warudishwe kwao kabla mwaka haujaisha. Hapo ndipo milango ya KAR ilipofunguliwa. Vita ilipokwisha ilikuwa na batalioni 22 na askari zaidi ya 30,000. Batalioni ya 6 iliundwa hasa na askari waliotekwa au kutoroka upande wa Wajerumani. Mtu yule yule aliyekuwa adui jana alipewa sare nyingine akaambiwa apige upande wa pili. Muulize rafiki yako: damu ya kabila ilibadilika usiku ule?

Sasa nije kwa wazee wako, na hapa nitakaa kidogo. Ugogo ulikuwa na bahati mbaya ya kuwa na reli na ng'ombe. Kuanzia 1914 Wajerumani walichukua mifugo, nafaka na watu. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, yakitokea Kondoa, yakaingia Dodoma, nayo yakataka mifugo, nafaka na watu vilevile. Mkulima aliyefichua ghala kwa bwana wa kwanza hakuwa na kitu cha kumpa wa pili. Mashamba yakabaki mikononi mwa wanawake, watoto na vikongwe, kisha mvua ikakataa. Njaa ile nyumbani kwenu huitwa Mtunya. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba iliua watu wapatao 30,000 katika kabila la watu 150,000 hivi. Haikuwa ukame peke yake. Ukame ulikuta ghala tupu, na ghala ilikombwa kwa amri.

Kuhusu huyo babu yako mkuu: mzigo ulikuwa ratili 50 au 60. Malori yalizama kwenye matope, na punda, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo jeshi lote lilitegemea vichwa vya watu. Mshahara wa mpagazi wa Waingereza ulishushwa mwaka 1915 ukawa rupia 5 kwa mwezi. Sheria ya mwaka huo katika Kenya ya leo ilimpa serikali nguvu ya kumlazimisha mtu kwenda. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyewekwa kusimamia ukusanyaji wa nguvukazi ya vita, alikomba vijana zaidi ya 100,000 kwa miezi michache. Machifu waliagizwa idadi, na chifu aliyepungukiwa aliona cha mtema kuni.

Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Mtu aliyelelewa kwa ndizi alipewa unga wa mahindi na kuni mbichi, akala ugali nusu mbichi safari nzima. Kumbukumbu za serikali zenyewe zinakiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 kwa upande wa Waingereza, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa karibu 100,000. Kuwapanga watu hawa chini ya askari eti kwa sababu hawakushika bunduki ni dhuluma ya pili. Bila wao hakuna bunduki ambayo ingefika Rufiji.

Wala msidhani wazee walienda wakiwa wamenyamaza. Wagiriama wa pwani ya Kenya, wakiwa wamekwisha kuchochewa na mwanamke wao shujaa Mekatilili wa Menza, walikataa kutoa vijana. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao yao matakatifu, kwa baruti na kuwatoza watu faini ya rupia 100,000. Nyasaland, yaani Malawi ya leo, Mchungaji John Chilembwe aliandika gazetini akiuliza kwa nini Mwafrika afe katika vita isiyokuwa yake. Barua ilizuiwa. Januari 1915 aliinuka kwa silaha, na wiki mbili baadaye alikuwa ameuawa.

SWALI: Mwalimu, huku kwetu karibu na Maktau kuna makaburi ya Wahindi wa vita ile. Wao pamoja na Wakongo na watu wa Afrika Magharibi walikuja kusaidia. Je, walihesabiwa kama washirika au kama watumwa wa aina nyingine? *Msomaji, Voi*

JIBU: Walipangwa kwa ngazi, na ngazi hiyo ilionekana katika chakula, mshahara na lawama.

Novemba 1914 Jenerali Aitken wa Waingereza alishusha Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Wengi walikuwa wachovu wa bahari, na vikosi vyao havijawahi kufanya mazoezi pamoja. Maofisa wa KAR waliojua nchi walitaka kusaidia, akawakatalia. Wajerumani, wenye watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, wakamshinda. Lawama walitupiwa Wahindi, wakati makosa yalikuwa ya wakubwa. Februari 1916, pale pale kwenu kilima cha Salaita, Wazungu wa Afrika Kusini waliowaita Wahindi makuli walivunjika wakakimbia. Waliosimama kuwafunika walikuwa Wabaluchi wa kikosi cha 130 cha jeshi la Uhindi. Hilo napenda wanafunzi walijue kwa moyo.

Watu wa Gold Coast, Ghana ya leo, walifika 1916, na brigedi ya Nigeria mwishoni mwa mwaka huo. Wanigeria ndio waliomwaga damu nyingi Mahiwa, Lindi, Oktoba 1917. Wanaonihuzunisha zaidi ni wapagazi wa Ushelisheli. Walikuja karibu 800, na katika miezi michache zaidi ya 300 wakawa wamekufa kwa maradhi, waliobaki wakarudishwa.

Wakongo ni habari nyingine, kwa sababu bwana wao, Ubelgiji, alikuwa mshirika ambaye Waingereza hawakumwamini. Waliwapa Wabelgiji wapagazi wa Uganda, kisha wakakosa raha Jenerali Tombeur wa Wabelgiji alipoiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Ubelgiji ilijua thamani ya mji ule. Ilikuja kuuachia, lakini vita ilipoisha ilibaki na Ruanda na Urundi. Askari wa Kikongo aliyetembea kutoka Kivu mpaka Tabora hakupewa hata kiti kwenye meza ya kugawana nchi hizo.

SWALI: Familia zetu zinaweza kudai malipo? *Msomaji, Machakos*

JIBU: Mishahara ya maelfu waliokufa haikudaiwa, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyearifiwa, na fedha zikabaki serikalini. Ujerumani Magharibi iliwalipa kiinua mgongo askari wake wazee walioishi mpaka 1964. Wapagazi hawakuwa katika mpango huo. Njia ya wazi ya kudai leo siioni, na sitakutia tumaini la uongo.

Lakini jina linaweza kudaiwa. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinaahidi kwamba mwana atalikumbuka jina la baba, na ile ya Nairobi inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, ilhali majina yao hayakuandikwa hapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Nendeni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi au Dar es Salaam, mkaombe majalada ya wilaya ya miaka 1914 hadi 1920. Kabla ya safari, kaeni na mzee aliyebaki muandike jina la mpotevu, la baba yake, kijiji, chifu wa wakati ule na rika lake. Karani wa jeshi mara nyingi aliandika jina kama alivyolisikia, kwa hiyo tafuteni kwa kijiji na chifu kwanza.